Alkapuria za Nereida

Ndizi mbichi ikikwaruzwa hutoa harufu ambayo haifanani na ya ndizi hata kidogo. Ni harufu ya majani yaliyokatwa na utomvu, kali kidogo, inayopanda puani na kukaa humo, na ukiichanganya na magimbi mabichi inakuwa nzito kama ya udongo ulionyeshewa. Asiyejua atadhani chakula kimeharibika kabla hakijapikwa. Mimi nikiisikia leo, mahali popote pale, nageuka kutafuta inakotoka, kwa sababu ndiyo harufu ya mwaka niliokaribia kupata mama. Tulikuwa tunaishi Bredäng, kusini-magharibi mwa Stockholm, kwenye yale maghorofa ya kupanga yaliyosimama moja nyuma ya jingine hadi ukingoni mwa msitu. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi, mdomo mrefu na magoti yenye magamba ya baridi.

Nyumbani tulikuwa watatu: baba, shangazi ambaye ni dada yake mkubwa, na mimi. Mama alifariki Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikiwa bado nanyonya, na niliambiwa ni malaria. Shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kambini Uganda, akanilea huko, na tulipoletwa Sweden kumkuta baba aliyekuwa ametangulia, alishuka kwenye ndege akiwa amenishika mkono kwa nguvu hadi ukafa ganzi. Nampa haki yake. Bila yeye nisingekuwepo kuandika haya. Lakini alikuja na hofu moja kutoka nyumbani, na kwa hofu hiyo alitutawala. Aliogopa kulishwa sumu. Kwetu Bukavu inaitwa karuho, sumu ya polepole: mtu anakula vizuri leo, anaanza kukonda mwezi ujao, na kila familia ina ndugu ambaye inaaminika aliondoka hivyo. Ndiyo maana desturi yetu ni kwamba mwenye kukaribisha huonja kwanza. Soda hufunguliwa mbele ya mgeni. Sombe, kisamvu chetu, huchotwa kijiko kimoja, mpishi anakila watu wakimtazama, ndipo sahani zinaanza kuzunguka. Ni adabu ya kawaida na hakuna anayeudhika. Shangazi aliifanya kuwa dini. Keki za siku za kuzaliwa shuleni nilikatazwa. Ile mikate ya mdalasini ambayo Waswidi hawawezi kunywa kahawa bila kuwa nayo, aliipasua kwa kisu na kuchungulia ndani kana kwamba anamtafuta mtu. Mwalimu wangu alifikiri nina mzio, akaweka jina langu kwenye orodha ya watoto wasiokula karanga.

Nereida alikuwa mtu wa Puerto Riko, kisiwa cha Karibiani ambacho baba alipotutajia mara ya kwanza shangazi aliuliza kama kiko karibu na Kigoma. Alimfuata mume Mswidi, mume akamwacha, akabaki na baridi yake. Alikutana na baba kwenye darasa la Kiswidi la wageni. Kiswidi chake kilikuwa na mashimo, cha baba kilikuwa mashimo matupu, na sijui walitongozana vipi, lakini walitongozana. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani kwao. Alikuwa mweusi kama sisi, mfupi, mnene wa kutosha, na akicheka majirani wa juu walijua. Siku ya kwanza baba aliponipeleka kwake alinitazama nywele, akanikalisha chini katikati ya magoti yake, akaanza kunichana kutoka kwenye ncha kwenda juu. Shangazi alinichana kutoka kwenye ngozi kwenda chini, kama mtu anayeng'oa magugu. Sikujua kwamba kichwa changu kingeweza kuchanwa bila machozi. Nilipomaliza kushangaa nilikuwa nimelala kwenye paja lake.

Baada ya hapo nilikuwa kwake kila Jumamosi, shangazi akiambiwa niko maktaba. Tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi katikati ya mji, tukabadilisha njia, tukashuka Rinkeby, kwa sababu pale palikuwa na duka la Mganda aliyeuza ndizi za matoke kwa chana na magimbi yakiwa bado na udongo wake. Kwetu magimbi tunayaita mateke na tunayachemsha tu. Kumwona mtu akiyakwaruza mabichi lilikuwa jambo la ajabu, nikamwambia yatawasha koo. Nereida akaniambia mafuta ya moto huyafundisha adabu. Kisha akanifundisha kupika alkapuria, kitafunio cha kwao cha kukaanga, ndizi nje na nyama ndani, tangu mwanzo, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba mwanafunzi atarudi.

Ndizi humenywa ndani ya bakuli la maji ya chumvi, mikono ikiwa imepakwa mafuta, la sivyo utomvu utakutia madoa meusi wiki nzima. Halafu unakwaruza, na hapo ndipo kazi ilipo. Hutumii upande wa kikwaruzio ule wa karoti, bali ule wenye meno madogo madogo ambao watu wengi hawaugusi maisha yao yote. Kuna mashine, alisema, lakini mashine inakupa uji. Ndizi ni nyingi, magimbi ni machache, maana magimbi ndiyo yanayoshikanisha. Rojo linatiwa chumvi na mafuta mekundu ya mbegu za achiote ambazo dada yake alimtumia kutoka kwao. Mbegu zilipoisha nilimwambia sisi tuna mawese, nikamletea kidogo kwenye chupa ya maji. Akachovya kidole, akaramba, akafumba macho, akasema mbona hamkusema mapema. Tangu siku hiyo alkapuria zake zilikuwa na mawese ya shangazi ndani yake, na shangazi hakujua.

Kitu cha ndani ni nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu, saumu, pilipili hoho na zeituni za kijani zilizokatwakatwa. Kwao hufinyangwa juu ya jani la mti wa pwani. Sisi tulikuwa na karatasi ya kuokea. Unapaka rojo, unalikandamiza katikati kwa mgongo wa kijiko, unaweka nyama, unakunja karatasi hadi kingo zikutane, unaziba kwa kidole kilicholowa, kisha unaitelezesha ndani ya mafuta taratibu. Inatoka ndefu na nene katikati, ya rangi ya udongo mwekundu, ngumu nje na laini ndani. Ikiwa na ufa hata mdogo, nyama inatoka na mafuta yanakurukia. Za kwangu za mwanzo zote zilipasuka. Nereida alijivunia sana kuziba. "Ziba kabisa," aliniambia, "isionekane ilipoanzia wala ilipoishia." Akazigeuza mwangani kuzikagua, akarudishia zile zenye ufa kwenye karatasi bila kunisema. Nilimpenda yule mwanamke. Nilikuwa nikijilaza usiku na kujaribu kumwita mama kimoyomoyo, kuona kama neno litakaa.

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, baba alimwambia shangazi kwamba anataka kuoa. Nilijificha kwenye korido nikasikiliza. Nilitegemea kelele, lakini shangazi akasema kwa upole, "Alete mikono yake tuione." Kwetu hiyo ni haki ya wifi: mwanamke anayetaka kuingia ukooni anapika, ndugu wa mume wanakula, mengine yanafuata. Nilifurahi kama mjinga. Nilimwandaa Nereida kwa kila kitu nilichokijua. Asivae suruali. Asalimie wakubwa kwanza, kwa mikono miwili. Aonje mbele ya watu kabla hajamgawia yeyote. Akachagua kupika alkapuria, kwa sababu, alisema, ni chakula cha kwao chenye ndizi za kwetu, hakuna atakayejiona mgeni. Tulikwaruza siku mbili. Vidole vyangu vilitoka damu kidogo kwenye ncha, na nilikuwa na fahari navyo.

Walikuja baada ya ibada Jumapili: wazee kadhaa wa kanisa letu la Wakongomani, na mke wa mchungaji, ambaye sote tulimwita Mama Mchungaji. Sebule ilijaa makoti na manukato. Nereida aliingia na sinia kubwa, amevaa kitenge tulichokichagua pamoja Rinkeby, akapiga goti kidogo kama nilivyomwonyesha. Watu wakaguna kwa kuridhika. Akachukua alkapuria moja, akaila yote mbele yao, akajipangusa mdomo na kucheka kwa aibu. Mama Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea kwenye sinia.

"Ngoja kwanza, Mama Mchungaji," shangazi akasema. Kisha akanigeukia. "Sifa, muambie aonje."

"Ameshaonja, Shangazi."

"Ameonja moja. Chungu ya sombe, ukionja kijiko moja, umeonja yote. Lakini hivi bintu vyake, kila moja iko na tumbo yake. Nani anajua ameweka nini mu ile ingine? Muambie aonje zote."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mkalimani ni mtu asiye na mahali pa kukaa. Nilimwambia Nereida kwa Kiswidi kwamba shangazi anaomba aonje zaidi. Akadhani ni mzaha, akauma ya pili, akainua gumba. Shangazi akatikisa kichwa. Zote, nikamwambia, moja moja. Tabasamu lake likapungua. Akauliza kwa nini. Nikapeleka swali. Shangazi akanitazama muda mrefu, na nilidhani anatafuta neno la heshima.

"Muambie mama yako alikufa juu ya nini," akasema. "Muambie ni karuho. Muambie walimuwekea mu sambusa, kwa jirani, mbele ya macho yangu, naye alikuwa anacheka hivi hivi sawa huyu."

Nilikuwa nimeshatafsiri nusu kabla sijaisikia. Kinywa changu kilikuwa kimezoea kutangulia. Nilisema kwa Kiswidi kwamba mama yangu alikufa kwa sumu, kwamba ilikuwa ndani ya sambusa, kwa jirani, na nilipofika kwenye neno la jirani ndipo nilipoelewa ni mama wa nani anayezungumziwa. Hakukuwa na malaria. Nikamwangalia baba anikanushie. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake akitazama televisheni iliyozimwa. Alikuwa anajua, wazee wote walikuwa wanajua, hata watoto wao pengine walikuwa wanajua. Mimi niliipata kwa kuitangaza.

Kama kweli mama aliuawa na sambusa ile sijui hadi leo, na aliyeshuhudia ni shangazi peke yake. Niliwahi kumwonea huruma kwa jambo hilo, baadaye, nilipokuwa mtu mzima na kuelewa alichokibeba. Siku ile sikumwonea. Alikuwa na mtoto mbele yake na mwanamke mgeni mbele yake, akawapiga wote wawili kwa fimbo moja, wala hakupandisha sauti.

Nereida alimgeukia baba, akamwuliza kwa Kiswidi, polepole ili aelewe, kama na yeye anataka aonje zote. Nilimwomba Mungu. Nilijua kwamba kila nilichokitaka duniani kilikuwa kinasubiri kinywa cha baba kifunguke. Angesema inatosha, dada, huyu ni mke wangu. Angesimama tu, bila hata kusema, akachukua moja akala. Baba akakohoa. "Kula tu," akamwambia, "yaishe."

Akala. Alipiga magoti kabisa kando ya meza, akaanza ukingoni mwa sinia, akauma kila moja, akatafuna, akameza, akairudisha mahali pake nyama ikiwa imejitokeza. Zile alizoziziba kwa ustadi, zisizoonekana zilipoanzia, alizifungua zote kwa meno. Mafuta yalimtiririka kidevuni na hakuyafuta. Mama Mchungaji alisema, "Inatosha sasa, jamani," na shangazi akasema haitoshi, bado ule upande. Mwanzoni Nereida alikuwa akimtazama shangazi. Alipofika katikati ya sinia alianza kumtazama baba, na hakumwacha tena hadi alipomaliza.

Shangazi akainama juu ya sinia, akalitazama kwa makini, akawageukia wageni. "Sasa hizi ni makombo," akasema. "Bageni yangu batakula makombo ya mutu?" Kisha akaenda chumbani kwake. Akarudi na masufuria yaliyofungwa kwenye mablanketi, ugali wa muhogo, sombe na samaki, vyote vikiwa bado vya moto, maana alipika kabla hatujaenda kanisani. Alikuwa na jibu lake mapema kuliko mtihani. Akachota kijiko kimoja cha sombe, akaonja mbele ya watu, akaanza kupakua. Na wazee wale, ambao Jumapili ile ile walikuwa wametoa machozi kwenye maombi, wakanawa mikono wakala. Mama Mchungaji naye alikula. Aliinamisha macho, lakini alikula.

Nereida aliniuliza shangazi amesema nini. Nikamwambia kama ilivyo, sikuwa na nguvu ya kupamba. Akainuka, akavuta kitenge chake kikae vizuri. Nilidhani atalia au atatukana kwa Kihispania, na ningependa atukane. Badala yake alinishika shingo kwa nyuma, mkono wa moto wenye mafuta, akaniambia, "Pole sana kwa mama yako." Katika miaka yangu yote kumi hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole kwa mama yangu, kwa sababu kila mtu alidhani msiba ni wake. Nikachukua alkapuria iliyoumwa nikaitia kinywani. Shangazi akapiga kelele nimteme shetani. Nikatafuna, nikimtazama, nikameza, nikachukua nyingine. Nilipigwa kofi moja lililonifanya nisikie kengele, lakini ya pili nayo ilikuwa imeshashuka.

Alipoondoka baba hakumsindikiza hata mlangoni. Nilimtazama kutoka kwenye roshani, akikata theluji iliyooza kuelekea kituo cha treni, kitenge kikiwa kimetokeza chini ya koti, na hakugeuka. Sinia lake lilibaki kwetu. Shangazi alimwaga kila kilichokuwamo kwenye mfuko wa taka, akalisugua kwa maji ya moto, akalitumia miaka mingi. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo, kila asubuhi alinivuta kope za chini kutafuta dalili, akinipima kiuno kwa viganja. Nadhani alivunjika moyo kidogo niliponenepa. Baba alioa mwaka uliofuata, mwanamke wa kanisani aliyechaguliwa na dada yake, mpishi wa masufuria ya wazi. Mke huyo alikaa hadi alipopata karatasi zake za ukaazi, akahamia Göteborg na mtu mwingine.

Leo hii Bredäng unaweza kununua ndizi za kupika karibu na kituo, magimbi yamekwisha kuoshwa, na kwenye mtandao kuna vijana wanaoonyesha namna ya kutengeneza alkapuria kwa mashine, wakicheka, muziki ukipigwa. Sina ubaya nao. Shangazi yuko kwenye nyumba ya wazee, kichwa kimemwacha, analishwa na wasichana wa mataifa ambayo hakuwahi kuyasikia, chakula kinachofika kimefunikwa kutoka jiko ambalo hajaliona. Anafungua kinywa kwa kila kijiko. Hakuna anayeonja kabla yake. Huwa nakaa pembeni nikimtazama akimeza, na sisikii ile huruma ambayo watu hunitegemea niisikie.

Nereida nilikutana naye Skärholmen nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, amevaa sare ya kazi, amebeba mifuko ya mzee fulani. Aliniita kwa jina kabla sijamtambua. Tangu hapo hatujaachana. Wanangu wanamwita bibi, wanakwaruza ndizi mezani kwake na kugombania kijiko, na mimi namwita mama mchana kweupe, kwa Kiswahili, naye huitika.

Baba anaishi peke yake Hässelby, mwisho wa reli ya kijani, ambako treni ikifika abiria wote wanaambiwa washuke. Ninamtembelea Jumapili na kumpikia. Amekuwa mzee mpole, wa aina ile ambayo watu wasiomjua humsifu. Mwezi uliopita aliweka kijiko chini, akaniuliza, bila kunitazama, kama nimewahi kumsikia yule mama wa Puerto Riko. Alisema humfikiria sana siku hizi. Alisema pengine hakumtendea haki, na kama ningejua aliko, angependa kumwambia hivyo kabla hajafa. Simu yangu ilikuwa mezani kati yetu. Nereida alikuwa amenipigia asubuhi hiyo hiyo.

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Tangu siku ile sijamsikia. Nadhani alirudi kwao."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mzee anavyoitikia jambo alilolitegemea. Akakiokota kijiko. Nikamwongezea mchuzi.